Moyo wa Baba na Seli za Mdogo Wangu

Baba yangu alikuwa na mabinti wawili, na sote wawili tulihangaika na moyo wake. Mimi nilimpa vidonge asubuhi na jioni. Mdogo wangu alikuwa Ulaya, kwenye maabara, akitafuta namna ya kuufanya moyo ulioumia ujitengeneze upya. Wageni waliofika nyumbani kwetu Bashay walisikia habari za binti mmoja tu, na huyo hakuwa mimi.

Nianze na zamani kidogo. Nilipokuwa shuleni, baba alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na vumbi la ngano kwenye nyusi na fungu la samaki wakavu wa ziwani. Halafu serikali ikaanza kujitoa kwenye biashara, mashamba yakapunguza watu, na baba akapunguzwa pamoja na wenzake. Alirudi Bashay na sanduku lake la spana. Mwaka huohuo matokeo yangu yakatoka, nimefaulu kwenda kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Biolojia nilikuwa nimewapita wasichana na wavulana wote wa shule yetu.

Baba aliniita tukakaa kwenye benchi nje ya jiko.

"Mwanangu, uuguzi nao ni kazi," akasema. "Utasoma muda mfupi, utaajiriwa mapema. Mimi sasa hivi sina nguvu ya safari ndefu."

Nilisema sawa. Ningesema nini? Mama alikuwa mgonjwa, na mdogo wangu alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Nikaenda kusomea uuguzi. Mama akafariki kabla sijamaliza.

Miaka ikapita, na dunia ikageuka upande wa mdogo wangu. Wafanyabiashara walianza kuja Bashay na malori yao wenyewe, wananunua vitunguu saumu shambani, hakuna tena kusubiri chama cha ushirika. Baba akalima vitunguu bondeni, akapata, akalima zaidi. Akaezeka bati. Mdogo wangu alipofaulu, Manyara ilikuwa imeshakuwa mkoa, barabara zinachongwa, na baba alikuwa mtu wa kusimama kwenye mkutano wa shule akasikilizwa. Safari ndefu ikawezekana. Alienda kidato cha tano, akaenda chuo kikuu, akapata ufadhili, akapanda ndege.

Kwa hiyo tulilelewa na baba mmoja, lakini kila mtu alimpata kwa wakati wake. Mimi nilimpata aliyeachishwa kazi, yeye akampata mwenye vitunguu. Hakuna aliyetenda kosa, na pengine ndiyo maana jambo hili lilinisumbua sana. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Baba alipata mshtuko wa moyo wakati wa kupima magunia. Alishika kifua, akasema ni gesi, akaketi juu ya gunia huku jasho likimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye pikapu yake na kumleta hospitali nilikokuwa nafanya kazi. Mimi nilimpokea mlangoni. Nilimtafunisha aspirini, nikatafuta mshipa, nikamwita daktari, mikono yangu ikifanya kazi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alipelekwa hospitali kubwa, akarudi akiwa hai. Daktari wa huko alituonyesha kwenye kipimo: sehemu ya ukuta wa moyo ilikuwa haitikisiki. Msuli wa pale umekufa, akasema, limebaki kovu, na kovu la moyo halirudi kuwa msuli.

Mdogo wangu alikuwa ameanza masomo yake ya juu kuhusu seli. Aliposikia habari za baba, aliomba kuhamia maabara inayoshughulika na moyo, akakubaliwa. Bashay nzima ikajua. "Amefanya hivyo kwa ajili ya baba yake," watu wakasema, na akina mama wakatikisa vichwa kwa kumsifu.

Mimi niliomba uhamisho kutoka hospitali kwenda zahanati ya karibu na nyumbani. Nikaacha nyumba ya watumishi, nikarudi kwa baba pamoja na mume wangu na binti yetu mdogo. Hakuna aliyesema nimefanya kwa ajili ya baba. Ilionekana ni kawaida, kama jua kuchomoza.

Simu za mkononi zilikuwa zimefika, lakini mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye pembe ya uzio karibu na zizi. Baba aliweka kiti chake pale, na kila Jumapili baada ya ibada alikaa akisubiri. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeongeza sauti ya simu, maana masikio yake yalikuwa yameharibiwa na kombaini.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, daktari wangu!"

Yeye alikuwa daktari wangu. Mimi nilikuwa nesi. "Nesi, nipe maji." "Nesi amekwenda kazini." Alitamka kwa upendo, sikatai, lakini hakuwahi kuweka neno "wangu" mwishoni.

Jumapili moja alimwomba mdogo wangu amweleze hasa anafanya nini huko.

"Nafanya kazi na seli shina, baba. Ni seli ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Inaweza kuwa ngozi, inaweza kuwa mfupa, inaweza kuwa msuli wa moyo. Sisi tunajaribu kuielekeza iwe msuli wa moyo, tuone kama itaziba pale palipokufa."

Baba alifikiri. "Kama ndama ambaye hajatiwa alama," akasema.

Mdogo wangu akacheka kwa furaha huko aliko. "Ndiyo hasa, baba! Nitawaambia wenzangu huo mfano."

Niliendelea kushika simu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemweleza baba habari za moyo wake, nikamchorea vyumba vyake nyuma ya kalenda ya zamani, nikamwonyesha damu inapita wapi na kila kidonge kinasaidia nini. Alisikiliza, akaitikia, akasema asante. Lakini hakuwahi kunipa mfano. Niliona wivu kwa ajili ya ndama yule, jambo ambalo nikilisema kwa sauti naonekana kichaa.

Halafu ikaja habari ya chupa.

Baba alikwenda Basotu kuwasalimia wenzake wa zamani wa mashambani. Njiani alipita mnadani, na pale mnadani, katikati ya ng'ombe na mitumba, palikuwa na gari lenye kipaza sauti. Mtu aliyevaa koti jeupe alikuwa akiuza vidonge. Alisema vinatibu figo, macho, nguvu za kiume, na kwamba vinajenga upya moyo uliochoka kwa sababu vimetengenezwa kwa seli shina. Baba aliposikia maneno hayo mawili alisimama. Aliporudi nyumbani alikuwa na chupa kadhaa ndani ya mfuko wa koti, na hakuniambia. Nilikuja kutambua baadaye kwamba mtamba wetu mwekundu hakupotea malishoni kama alivyodai, bali aliuzwa kulipia chupa zile.

Nilianza kushtuka asubuhi moja nilipokuta kiti cha sebuleni kimejaa mablanketi. Baba alikuwa amelala hapo ameketi. Viatu vyake vilikuwa vimegoma kuingia miguuni. Nilibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Nikakimbilia kwenye kopo la dawa zake, nikakuta vidonge viko vilevile nilivyoviacha wiki iliyotangulia nilipokwenda kwenye semina ya kazini.

"Baba, hujanywa dawa."

"Nimepata nyingine. Hizi ni za mdogo wako."

"Za mdogo wangu kivipi?"

Alinipa chupa, uso wake ukiwa na furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Soma. Seli shina. Zimeshafika mpaka mnadani."

Niliketi chini kwenye mkeka karibu na miguu yake. Nilimwambia polepole kwamba seli ni kitu hai, haiwezi kukaa hai ndani ya kidonge kikavu kwenye jua la mnadani. Nilimwambia kwamba maji yamejaa miguuni na kwenye mapafu kwa sababu ameacha dawa zake. Nilimwomba azitupe zile chupa, anywe dawa nilizompa. Alinipapasa bega.

"Wewe ni nesi, mwanangu," akasema bila ubaya wowote. "Hili ni jambo la utafiti."

Nilikwenda kwenye pembe ya uzio nikampigia mdogo wangu. Sikumsalimia.

"Jina la kazi yako linauzwa mnadani," nikamwambia, "na baba amelinunua. Ameacha dawa. Amejaa maji mpaka magotini."

"Mpe simu, dada," akasema.

Nilimwongoza baba mpaka kwenye kiti chake, akitembea huku anahema. Nikaongeza sauti.

"Baba, hivyo vidonge siyo vyangu na siyo seli shina. Ni uongo. Vitupe. Kunywa dawa anazokupa dada."

"Sawa, mwanangu," baba akasema.

Basi. Aliinuka mwenyewe, akaenda jalalani na chupa zake, akazimimina, akafunika na majivu. Hakukuwa na swali lolote. Ni maneno yaleyale niliyokuwa nimemwambia mimi nikiwa nimeketi miguuni pake, ila safari hii yalisafiri kutoka mbali.

Nilimpa dawa ya kutoa maji, akaenda chooni siku nzima, na baada ya siku chache viatu vikaingia. Nilimshukuru Mungu. Vilevile nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Na wageni walipokuja kumpa pole, nikiwa pale pale nawamiminia chai, baba aliwaambia, "Daktari wangu aliniokoa kwa simu."

Mdogo wangu alikuja likizo kiangazi kilichofuata. Baba alichinja kondoo. Alivaa koti lake la kanisani tangu asubuhi, ingawa jua lilikuwa kali. Majirani walikuja, na akaja pia rafiki yake wa siku za Basotu, mzee mfugaji kutoka Getanuwas, mwenye shuka na fimbo, ambaye alitembea umbali mrefu kumwona mtoto anayetengeneza mioyo.

Mdogo wangu aliweka kompyuta yake ndogo juu ya meza, tukasogea. Kwenye kioo kilionekana kisahani, na ndani ya kisahani kitu chembamba, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Utando ule ulikuwa unajikunja na kujikunjua. Ulijikunja tena.

"Hizo ni seli za moyo wa mtu," mdogo wangu akasema. "Zinapiga zenyewe."

Mzee wa Getanuwas aliinama karibu. "Huyo mtu amekufa, au yupo?"

"Yupo, mzee. Alitoa damu kidogo tu. Tulizirudisha nyuma seli za damu yake mpaka zikasahau kwamba zilikuwa damu, kisha tukazifundisha kuwa moyo."

"Na yeye anajua kwamba moyo wake sasa unapiga sehemu mbili?"

Watu walicheka. Mdogo wangu hakucheka. "Aliambiwa, mzee. Akakubali."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la nyama mikononi, na nilishindwa kuliweka chini. Mpaka siku ile nilidhani ninamwonea mdogo wangu wivu kwa sababu ya baba. Nilipouona ule utando ukipiga, nikajua ni zaidi ya hapo. Nilitaka iwe mikono yangu iliyoulisha na kuutunza kwenye joto lake. Nilitaka kuwa mtu wa kwanza kuinama asubuhi na kukuta umeanza kupiga. Mdogo wangu alijifunza neno "seli" kutoka kwenye daftari zangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kulitamka. Nilitaka kile kitu kama mtoto anavyotaka kitu kilichoko mkononi mwa mwenzake.

Baba akakohoa kidogo. "Sasa, daktari wangu. Wangu lini?"

"Bado tunajaribu kwa wanyama, baba."

"Sawa. Mimi nipo."

Alisema kama mtu anayesubiri vitunguu vikauke. Mdogo wangu alifunga kompyuta, akasema anakwenda kuangalia ndama. Nilimpa muda, kisha nikachukua ndoo nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya zizi, ameegemea nguzo, analia kwa sauti ya chini.

"Kuna nini?"

"Haiwezekani, dada. Siyo kwa baba." Alijifuta kwa upindo wa khanga niliyomwazima. "Tukiziweka hizo seli kwenye moyo wa nguruwe, nyingi zinakufa. Zinazobaki wakati mwingine zinapiga kwa mdundo tofauti, moyo mzima unavurugika mapigo. Kinachoonekana kusaidia ni vitu zinavyotoa kabla hazijafa. Vinazilinda seli za jirani zisife nazo. Labda dawa itatoka hapo. Lakini itachukua miaka, na kovu la baba ni la zamani."

"Mwambie."

"Siwezi. Hujaona alivyovaa koti?"

Nilimshika mgongo, nikambembeleza, yote ambayo dada anapaswa kufanya. Na ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi. Hatimaye palikuwa na jambo ambalo yeye hakuliweza.

Kesho yake alipokwenda kuwasalimia ndugu, nilimwambia baba mimi. Tulikuwa kwenye benchi, yeye anabonyeza mguu wake kuangalia maji, kama nilivyomfundisha.

"Baba, ile dawa ya mdogo wangu haitakuwahi."

Hakushtuka. Aliendelea kubonyeza. "Najua," akasema. "Nimeendesha mashine miaka mingi. Dereva anajua ikifika mahali ambapo vipuri havitakuja."

"Mbona basi unamuuliza kila mara?"

"Nikiacha kuuliza, atajua nimekata tamaa, naye atakata tamaa na kazi yake. Usimwambie kwamba najua."

"Na mimi?"

Alinitazama kana kwamba swali halikuwa na maana. "Wewe unaweza kubeba."

Watu watasema hiyo ilikuwa sifa. Labda. Mimi nilikwenda kukamua ng'ombe na machungu yangu. Ningeitoa sifa hiyo bila kufikiri, ili siku moja tu niwe mimi mtoto anayefichwa, mtoto ambaye baba anamvalia koti.

Baba aliishi muda mrefu kuliko tulivyotabiriwa. Alifariki mchana mmoja, vitunguu vikiwa vimeanikwa uani, nikiwa zahanati nachanja watoto. Mdogo wangu alifika asubuhi ya mazishi. Mhubiri alimtaja kwenye mahubiri, binti mtafiti aliyepigania moyo wa baba yake, na watu waligeuza shingo kumtazama. Mimi nilikuwa nyuma, nahesabu vikombe vya wageni.

Jioni tulipobaki wawili kwenye kaburi bichi, akasema, "Angalau hakujua. Amekufa akiwa na matumaini."

"Ndiyo," nikasema.

Kwa upande mmoja nilikuwa natunza neno la baba. Kwa upande mwingine, kile alichoniambia baba kwenye benchi kilikuwa kitu chake pekee ambacho mdogo wangu hakuwa nacho, na sikutaka kugawana.

Nilikaa nacho miaka mingi. Mwaka jana, kwenye simu, tukiwa tunazungumza mambo mengine kabisa, kilinitoka. Nilimweleza yote, vipuri, mashine, na kwa nini baba aliendelea kuuliza. Nilisubiri alie.

"Kwa hiyo alikuambia wewe," akasema.

Sauti ile niliijua. Nimeishi nayo. Sikuwahi kuisikia ikitoka kwake.

Bado anafanya kazi ileile. Binti yangu sasa yuko sekondari na anapenda biolojia. Hilo lingenifurahisha, ila kila akikwama kwenye somo anachukua simu yangu na kumpigia mama mdogo wake. Wanazungumza, wanacheka, ananirudishia simu ikiwa ya moto. Mwezi uliopita aliniambia watasoma habari za moyo, na kwamba atampigia mama mdogo Jumamosi amweleze.

Jumamosi niliamka mapema. Nilikwenda buchani nikaomba moyo wa mbuzi, mzima, asiukate. Nikauweka kwenye sinia mezani, nikanoa kisu kidogo, nikamwita binti yangu kabla hajanywa chai.

Niliupasua taratibu. Nilimwonyesha vyumba, na milango midogo kati yake, na zile kamba nyembamba nyeupe zinazoishika milango isigeuke nje. Nilimpa ashike ukuta wa kushoto aone ulivyo mnene kuliko wa kulia.

"Hapa ndipo babu yako alipoumia," nikamwambia. "Mama mdogo wako anatafuta namna ya kupaponya hapa."

Aliweka kidole pale, akakiacha. "Mama, kumbe unajua haya yote?"

"Najua."

Alizungusha sinia akitazama kila upande, macho yanang'aa. "Naomba simu nipige picha, nimtumie mama mdogo."

"Subiri," nikasema, na nikaushika tena moyo ule. "Bado sijamaliza kukuonyesha."